Gundi ya Macho Kumi

Wateja walimwita Macho Kumi, na hakuna aliyemwonea. Alikuwa fundi wa kubandika nywele za bandia, saluni yake ikiwa chumba cha mbele katika nyumba ya mama mkwe wake, na alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Mteja akisifu kazi, anataka kupunguziwa bei. Mteja akinyamaza, anakwenda kumsema nje. Chanuo likipotea, kazi ilisimama mpaka lionekane, na mara nyingi lilionekana kichwani mwake mwenyewe.

Lakini kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Alifuta paji la uso kwa spiriti mpaka mafuta yote yatoke, akapaka gundi kidogo, akangoja. Hapo kwenye kungoja ndipo mafundi wenye pupa wanapoharibu. Gundi hupakwa ikiwa nyeupe, na wigi haligusi ngozi mpaka weupe upotee na kidole kinate. Kisha alilaza wigi polepole kutoka katikati kwenda masikioni, akakandamiza ukingo kwa mkia wa chanuo, akamfunga mteja kitambaa na kumkataza kucheka. Wale ambao ngozi zao zilikataa gundi aliwawekea tepu ya pande mbili. Wigi alilobandika yeye lilistahimili upepo, usingizi na hata ugomvi.

Basi gundi ikaanza kupungua. Alichora mstari ubavuni mwa chupa. Kesho yake gundi ilikuwa chini ya mstari. Tepu nayo ilikuwa imekatwa, tena kwa mkasi, vizuri, na mtu asiye na wasiwasi.

Wenye kuingia humo wateja wakiwa hawapo walikuwa yeye, wifi yake na mama mkwe, ambaye alifagia asubuhi. Mama mkwe hakumtia hesabuni. Utamshukuje mama aliyekupa chumba bure? Na kwa adabu ya ukwe hakuwahi hata kumkazia macho usoni, sembuse kichwani. Akabaki wifi. Wifi alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, akajifunza kazi humo humo saluni, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mwanawe. Tena wifi huyo kila ukimwona ana wigi jipya. Kikulacho ki nguoni mwako, Macho Kumi alijisemea.

"Wifi, hivi hii gundi siku hizi inanyweka?"

"Labda kifuniko hakikazwi, wifi. Si unajua inavyokauka."

"Na tepu nayo inakauka?"

Wifi akacheka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza.

Akaificha gundi nzuri kwenye mkoba wake, na ile iliyobaki chupani akaitia maji. Gundi ya namna ile ukiitia maji inapakika, inashika kwa muda, lakini jasho likianza tu inaachia. Jumamosi yalikuwa mahafali ya mtoto wa wifi, na mwizi gani asingejipamba siku hiyo? Macho Kumi aliapa kwamba atakayeumbuka uwanjani, Jumatatu asikanyage saluni.

Siku ikafika, na jua likafika nalo. Macho Kumi alichagua kiti nyuma ya wifi. Mwalimu mkuu alihutubia, mgeni rasmi akahutubia, yeye hakusikia neno. Alikuwa anasoma kisogo cha wifi. Jasho lilimtiririka wifi shingoni. Wigi lilikaa pale pale, halina habari.

Mtoto akaitwa mbele, na bibi yake akaombwa amvike shada. Mama mkwe akainuka na ushungi wake, nywele kidogo zikionekana juu ya paji kama siku zote. Mjukuu kwa furaha akamkumbatia shingoni, akaning'inia. Alipomwachia, ushungi ulikuwa umeanguka nyuma, na zile nywele za mbele zilikuwa zimelala begani kwa mtoto. Kichwa cha mama wa watu kikabaki wazi, upara mtupu, kinang'aa kwa jasho.

Huko nyuma walicheka. Mmoja akapiga mluzi. Mama akajifunika kichwa kwa viganja viwili asijue aende wapi, mpaka wifi alipokimbia na kumtupia mtandio wake. Macho Kumi alibaki kitini, mkoba wenye gundi nzuri mapajani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ndivyo wasemavyo, ila kisima cha Macho Kumi kilimmeza mwingine, na yeye akabaki na aibu.

Nyumbani mama alijifungia chumbani. Wifi alibembeleza mlangoni mpaka akachoka, akaenda kuketi ukumbini. Ndipo Macho Kumi akaja na spiriti, pamba, na ile chupa ya mkobani.

"Mama, ni mimi. Nifungulie."

Alifunguliwa. Akaanza kumfuta masalia ya gundi. Mama alisema nywele zilimtoka katika ugonjwa mrefu uliompata zamani, zisirudi.

"Niliona haya, mwanangu. Mkwe wangu anatengeneza vichwa vya mji mzima, halafu mimi nije nikae kwenye kiti chake na upara huu? Nikajifunza kwa kukuchungulia. Wewe ulikuwa unatazama mikono ya watu, mimi naitazama yako."

"Nisamehe, Mama. Ile gundi ya leo..."

"Najua. Niliipaka asubuhi ikateleza kama maziwa. Nikajua imetiwa maji. Nikasema potelea mbali, ushungi utashikilia."

Wifi akaita kutoka ukumbini. "Mama! Kwani ulitumia gundi gani hiyo?"

Macho Kumi akasimamisha pamba.

"Nilinunua mtaani!" mama akajibu kwa sauti. "Mbovu!"

Kisha akamshika mkwewe kiganja, akamvuta karibu, akanong'ona.

"Wifi yako asijue kwamba mtego ule ulitegwa kumnasa yeye. Ameshafukuzwa nyumba moja. Na hii asifukuzwe."