Fundi Aliyemtambua Padri kwa Mkono wa Koti

Saa mbili asubuhi cherehani imeshaanza kulia. Fundi, mjane wa miaka hamsini na nne, anaweka vifungo kwenye kanzu nyeupe. Pini nne kazibana midomoni, na bado anaongea.

"Ya mwanangu hii. Mwakani anapewa upadri. Au tuseme… hata sijui tena."

Kibanda chake kinatazamana na geti la parokia. Miaka kumi na tisa kawashonea mapadri wote waliopita hapo, na vipimo vyao hajaviandika popote. Viko kichwani.

Wiki tatu zilizopita hicho kichwa kikamponza.

Aliingia dada mmoja, mwalimu wa chekechea, kashika karatasi ya vipimo. Anataka suti ya harusi ya mchumba wake. Bwana mwenyewe yuko wapi? Eti ana kazi nyingi.

Fundi akasoma. Kifua arobaini na mbili. Haya. Mkono wa kulia ishirini na tano. Haya. Wa kushoto, ishirini na nne.

Mkasi ukamponyoka.

Mwenye mikono hiyo anamjua mmoja tu: Baba Paroko, aliyevunjika kiwiko akidaka mpira seminari. Ndiye huyohuyo aliyemchukua mwanawe, akampeleka kusomea upadri!

"Mchumba wako aliwahi kuwa golikipa?"

Dada akainama. "Alinikataza nisije kwako, mama. Alisema utamjua."

"Sasa ukaja kwa nini?"

"Mafundi wawili wameshauharibu huo mkono."

Jamani! Fundi hakujua acheke au apige yowe. Kumbe padri kaandika barua kuomba kuachia upadri. Hataki kuishi kwa kujificha. Jumapili iliyofuata akatangaza mwenyewe kanisani, watu wakabaki midomo wazi.

Fundi viatu wa jirani, anayesali kwingine, ndiye pekee aliyecheka aliposikia. "Shangazi, mchungaji wetu ana mke na watoto watano, na mapepo yanamkimbia vilevile!"

"Wenu hakuapa. Huyu alilala kifudifudi mbele ya altare, akaapa! Kiapo ni shati, unavua ukisikia joto?"

"Sasa mbona suti umeshona?"

Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu.

Kinachomtafuna hasa si padri. Siku chache kabla ya ile karatasi, mwanawe alipiga simu. "Mama, nikiacha seminari utanipokea?" Naye, bila hata kuvuta pumzi, akajibu: "Ukiacha, usinitafute."

Kijana hajapiga tena. Yeye akipiga, haipokelewi.

"Mtoto wa mwenzangu nimemshonea suti," anasema, na pini zinamdondoka. "Wangu wa kumzaa sikumuuliza hata una nini. Mimi ni mama wa namna gani?"

Suti imetundikwa ukutani, mkono mmoja mfupi, inasubiri mwenyewe. Kanzu anaikunja mezani. Imebaki pindo la chini tu, lakini hataligusa.

"Hii nimeikata kwa kichwa. Mtoto mwenyewe sijamtia machoni miaka miwili, labda hata karefuka."

Jumamosi ni siku ya wageni seminari. Atapanda basi la kwanza. Kanzu anaiacha, anabeba futi yake ya kupimia tu.

"Nitampima upya, huku ananiambia ana nini. Akitaka kanzu, nitapinda. Akitaka suti, kitambaa cha padri kimebaki."