Mlolongo wa Huseni

Simeon Kingori alikuwa fundi wa viatu mjini Nyeri, na kwa miaka kumi na minne alikuwa pia karani wa ubao wa Chania Stars, timu ya mpira wa kikapu. Ubao wenyewe ulikuwa mbao mbili zilizopakwa rangi nyeusi, na misumari ya kutundikia vibati vya nambari. Timu ikifunga, Simeon anainuka, anatundua kibati, anatundika kingine, anaketi. Hakushangilia hata siku moja. Karani hana upande, alikuwa akisema, na mashabiki wa Nyeri, watu wasiomwamini hata refa waliyemleta wenyewe, walimwamini yeye.

Mkewe Ngendo alizikwa Mweiga mwezi wa Machi mwaka wa 1988, na tangu siku hiyo Simeon alikufa ganzi. Si kwamba alihuzunika. Kuhuzunika kungekuwa afadhali. Aliamka, akashona soli, akajibu salamu, akalala. Siku moja alijipiga nyundo kwenye kidole gumba, akakitazama kikivimba kama anayetazama kidole cha mteja. Majirani walisema Simeon ni mwanamume, amejikaza. Hawakujua kitu. Hakukuwa na cha kukaza.

Aliyejua kidogo ni Huseni, mchezaji kipenzi wa mashabiki wa Chania Stars, kijana wa mtaa wa Majengo aliyekuwa ameshafika miaka thelathini na minne ingawa hakuna aliyekubali kumwita mtu mzima. Siku ya tatu baada ya mazishi alifika nyumbani kwa Simeon na nyama imefungwa kwenye gazeti, akawasha jiko bila kuulizwa, akapika. Kesho yake akarudi. Akaendelea kurudi kila jioni, na wakati wa kula aliongea kwa niaba ya watu wawili: jinsi alivyomzunguka mtu wa Nanyuki, jinsi mbao zilivyomwangukia pale kazini, jinsi mama yake Kibibi anavyotaka aoe. Simeon alitafuna tu. Lakini saa kumi na mbili jioni ilipofika, sikio lake lilikuwa mlangoni, na hilo ndilo jambo pekee mwilini mwake lililokuwa bado linangoja kitu.

Sasa Julai ikaja na maneno yake. Chania Stars walikuwa wamepoteza mechi tatu mfululizo, ya mwisho kwa pointi moja, kwa sababu Huseni, akiwa peke yake chini ya ringi, aliamua kwanza kuupitisha mpira nyuma ya mgongo ili akina mama wapige vigelegele. Vigelegele vikapigwa. Mpira ukaenda nje. Ligi ilitaka majina kumi na mawili tu, na kulikuwa na kijana wa Kiganjo, mrefu kama mlingoti, aliyekuwa akingoja nafasi.

Basi mjini hapakukalika. Kwenye kibanda cha Simeon mashabiki walivua viatu kuvishonesha na kukaa na soksi wakibishana mpaka mchana ukaisha.

"Huyo ni mtu ya sarakasi," alisema Gatimu, mwenyekiti wa mashabiki, ambaye alikuwa na firimbi shingoni hata siku za kazi. "Sisi tunataka mtu ya kufunga. Sarakasi iende sarakasi."

"Ati Huseni aende?" Warigia, muuza viazi, alikuwa akimngoja Simeon amalizie ndara zake. "Na mimi nitakuja kuangalia nani, wewe na hiyo firimbi yako? Hiyo timu iko na mtu mmoja anajua kucheza, na munataka kumufukuza!"

"Anajua kucheza, lakini hajui kushinda."

"Basi wewe shinda! Ingia uwanjani, Gatimu, tuone hiyo tumbo ikiruka."

Watu wakacheka. Kisha wakamgeukia fundi, kama kawaida yao, wakamuuliza yeye anaonaje. Simeon akakata uzi kwa meno. Karani hana upande, akasema.

Jioni hiyo Huseni aliongea machache. "Nikikatwa, mzee," alisema akikwangua sufuria, "mimi siko Nyeri tena. Dada yangu Subira ananiita Isiolo tangu mwaka jana. Siwezi kukaa hapa nitazame mwingine amevaa jezi yangu ya saba." Simeon aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba anapaswa kuhisi kitu, akajipapasa ndani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, hakuupata.

Gatimu akaamua mambo yaishe kwa kura, na kura yenyewe iwe ya mlolongo. Tangu uchaguzi wa mwaka huo, watu walipopiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea, kila mtu alikuwa mtaalamu wa milolongo. Hata kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimemchagua mweka hazina kwa kupangana nyuma yake. Jumapili, baada ya ibada, mashabiki wakakusanyika uwanjani. Wanaotaka Huseni abaki wapangane chini ya ringi iliyo karibu na ukumbi. Wanaotaka aende, chini ya ringi ya upande wa barabara. Firimbi ikilia, hakuna kusonga.

Sharti lilikuwa zuri. Ila Gatimu alisahau kutazama juu. Nyeri ilikuwa imekaa siku kumi na sita bila jua, mawingu yameikalia kama kuku kwenye mayai, watu wanakwenda kanisani na makoti mawili. Asubuhi hiyo, ghafla, jua likatoka. Ukumbi ulitupa kivuli chake juu ya ringi ya Huseni, na umande wa usiku ulikuwa bado mweupe kwenye nyasi pembeni. Ringi ya upande wa barabara ilikuwa ndani ya jua lote.

Wenye msimamo walikwenda mahali pao. Warigia alijifunika shuka kichwani na kusimama kivulini wa kwanza, akitetemeka na kutukana. Lakini wale wa katikati, wasiojali sana, na hao ndio wengi katika kila jambo, walianza kwa kuota jua kidogo huku wakingoja, mikono imenyooshwa, macho yamefumbwa. Wakasahau kura. Simeon aliwaona. Alimwona Ngatia, aliyewahi kumbeba Huseni mabegani tangu uwanjani mpaka stendi, akiwa amegeuza mgongo upate joto. Meza ya karani ilikuwa upande huohuo wa barabara, na Simeon naye alikuwa amesimama mbele yake, jua likimpiga kifuani. Lilikuwa jua zuri. Alitaka kusema, ninyi, hapo mlipo mnajua mmesimamia nini? Karani hasemi. Firimbi ikalia.

Simeon alihesabu mara mbili, akatundika nambari ubaoni. Thelathini na nane kivulini. Thelathini na nane juani.

Kelele zikazuka. Ngatia alifumbua macho, akaona alipo, akapiga hatua, na watu watatu wakamshika koti. "Hakuna kusonga!" Gatimu alipiga kelele. Kisha akamtazama Simeon kutoka kichwani hadi miguuni, na uso wake ukang'aa. "Karani pia ni memba. Na karani amesimama wapi? Si huku? Hiyo ni thelathini na tisa."

Wote wakamgeukia Simeon, wakamngoja. Neno moja lingetosha. Angesema yeye hahesabiwi, na mlolongo ungerudiwa. Angevuka tu, hatua thelathini, na hakuna mtu Nyeri ambaye angethubutu kumshika koti. Simeon aliyaona hayo yote waziwazi. Aliingoja miguu yake iende. Miguu ilikaa pale kwenye joto, na mdomo nao ukakaa, na mkono wake, uliozoea kazi, ukainuka wenyewe, ukatundua kibati cha nane na kutundika cha tisa.

Huseni alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi. Aliinuka, akavuka uwanja mzima polepole, watu wakimpisha, akafika mezani.

"Hata wewe, mzee?"

Simeon alimtazama. "Nilikuwa naota jua," alisema.

Huseni alicheka kicheko kilekile alichozoea kucheka mpira unapomtoka nje. Akampa mkono, akaushika wa Simeon kwa mikono yote miwili, akasema, "Haya, mzee. Ukae salama." Akaondoka kwa upande wa Majengo, na Warigia akamfuata akilia kwa sauti.

Watu walitawanyika wakibishana kama mlolongo ulikuwa halali. Simeon alibaki na ubao. Ndipo kikaja, bila kubisha hodi: kitu kilimuuma chini ya mbavu, kikamkunja, akashika meza. Kilikuwa uchungu wa Huseni, na nyuma yake ule wa Ngendo, uliokuwa umengoja miezi minne yote. Alilia hapo mchana kweupe, mzee wa miaka hamsini na minane. Alipoweza kusimama wima alivuka uwanja, akahesabu hatua thelathini, akasimama kivulini chini ya ringi ya karibu na ukumbi. Umande ulikuwa umeshakauka, na hapakuwa na mtu wa kumhesabu.