Obdulia na Jirani Aliyeuliza Njia

Tangu jimbo la Alabama liwape polisi wake kazi ya kuuliza watu makaratasi ya uhamiaji, Obdulia Tzoc hakumwamini mtu. Yeye na mumewe Fermín walikuwa wamekata kuku kiwandani miaka kumi na tatu, na sasa taa moja ya gari ikiungua ingetosha kumrudisha Fermín Guatemala, maana ndiye aliyeendesha, tena bila leseni. Kila alfajiri mume alikanyaga breki, mke akazikagua taa za nyuma mara mbili.

Aliyemnyima raha zaidi alikuwa Nereida, jirani wa trela ya pili, maana hapo wote waliishi kwenye nyumba za trela. Huyo alizaliwa hapahapa, makaratasi yake safi, na binamu yake alikuwa karani wa polisi. Halafu kila asubuhi alikuwa na swali lilelile.

"Shoga, leo mnapita wapi?"

Obdulia akijibu kanisani, alimwambia mumewe apite darajani. Akijibu darajani, walipita kanisani.

"Mwenzio anasalimia tu," Fermín alisema.

"Salamu gani inataka ramani? Subiri wakubebe ndipo utajua."

Na kweli watu walikuwa wakipukutika. Wiki hii fundi wa paa, wiki ijayo mama wa watoto wanne. Obdulia alipekua moyoni nani kati yao aliwahi kuongea na Nereida, akaona ni wote. Hakujisumbua kukumbuka kwamba Nereida huongea na kila mtu.

Jumanne moja ya Machi aliulizwa, akajibu kanisani. Darajani wakakuta magari mawili ya polisi wa jimbo yameziba njia. Taa zote za gari lao zilikuwa zinawaka, lakini haikusaidia kitu. Dereva asiye na leseni alifungwa pingu, mkewe akaachwa kando ya barabara na mfuko wa tamale, vile vikate vya mahindi vya chakula chao cha mchana.

Alirudi kwa miguu, hasira zimempanda. Nereida alikuwa mlangoni akimngoja.

"Mlikuwa wapi nyie? Nimefika mpaka kiwandani, nageuka nyuma, hamna mtu!"

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma yangu! Si huwa natangulia? Nikiwaona polisi nikupigie simu mgeuze."

"Hukuniambia."

"Nikuambie nini, na sheria yao inamfunga hata anayewasaidia wasio na makaratasi? Wangekubana ungenitaja. Fermín yuko wapi?"

"Wamemchukua. Darajani."

Nereida akashika kichwa. "Darajani? Si ulisema kanisani?"

"Umeanza lini kututangulia?"

"Januari. Kila siku, njia unayoniambia."

Obdulia aliketi kwenye ngazi. Akamtazama mwanamke yule usoni, akatamani kwa moyo wake wote awe mchongezi kweli.