Kichwa cha Dada Kwenye Ukurasa wa Watu

Mama Vidole alikuwa amechoka mpaka kope zilimuuma. Msusi huyu alikuwa amesimama tangu asubuhi, miguu imevimba hadi ndala zinabana, na sasa ndiyo anaingia mteja mwenyewe, jamani: bibi harusi mtarajiwa! Ana wasimamizi kibao, na pale anaposukwa yeye ndipo watakaposukwa wote. Kazi kama hiyo saluni ndogo haiioni kila siku.

"Mama, nataka hivi." Bibi harusi akanyoosha simu. Mistari inazunguka kama konokono, shanga moja nyekundu kisogoni. "Ni kazi ya saluni ya ng'ambo ya barabara. Utaweza kuiga, au niende kwao tu?"

Mama Vidole akaangalia. Akaangalia tena. Mama yangu wee! Kile kichwa ni cha dada yake, alikisuka yeye mwenyewe pale pale kwenye kiti kile.

Yaani hii habari ilishamchosha. Ana tovuti yake, aliitengeneza mwenyewe kwa simu, na humo huweka picha za visogo tu, maana wateja hawataki sura zao zizagae mtandaoni. Ustaarabu mzuri, ila kisogo hakisemi ni cha nani, basi wezi wakajipakulia! Akaandika jina lake pembeni ya picha, wakalikata. Akaliweka katikati, kubwa, wateja wakalalamika wanaona jina hawaoni nywele. Akaifunga tovuti ili mtu akibonyeza picha isipakuliwe, watu wakapiga picha ya skrini, kwisha habari. Ikafika mahali hata hasira zikamwishia.

"Hiyo kazi ni yangu," akasema taratibu.

Bibi harusi akacheka. "Ah, mama! Kila msusi anasema hivyo."

Angeweza kunyamaza asuke. Lakini kuambiwa ameiga mkono wake mwenyewe? Akaita kuelekea chumba cha nyuma, "Dada! Hebu acha hizo taulo uje."

Dada akatokea, mikono ina povu, nywele zenyewe ameshakata zote. "Nini tena? Nimeua mtu?"

"Geuka."

"Nigeuke tena? Mimi nimekuwa feni?" Akageuka lakini. Nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kovu lililopinda kama ndoana, la kuanguka kwenye ngazi za shule. Bibi harusi akaikuza picha kwa vidole viwili. Kovu lile lile. Akaishusha simu, akasema, "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Kaa, nikusuke kabla sijaanguka."

Akamsuka. Mgongo unalia, vidole vinakwenda vyenyewe. Alipomaliza akachukua simu apige picha ya kisogo kama kawaida, bibi harusi akageuza uso mzima.

"Piga na sura yangu, mama. Waibe basi niwaone."

"Na wataiba," dada akasema, "hawa hawana hata haya ya kukopesha."

Mama Vidole akapiga, akaiweka kwenye tovuti. Na wakaiba kweli! Kesho yake mchana picha iko kwenye ukurasa wa ng'ambo, sura ya bibi harusi imefunikwa kwa ua la kuchora. Dada ndiye aliyeiona, akaja mbio na simu. Mama Vidole hakuinuka hata kwenye kiti.

"Sina nguvu ya kugombana, dada. Waache."

"Soma chini kwanza, mvivu wewe."

Chini, bibi harusi alikuwa ameandika: "Hiki kichwa ni changu na kwenu sijawahi kuingia. Nimesukwa kwa Mama Vidole." Na wasimamizi wake wote wamejipanga hapo chini, kila mmoja na neno lake, wanacheka bila huruma.

Mama Vidole akasoma mpaka mwisho. Akatabasamu kidogo tu, kwa upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umeshalala.

"Watakuja saa ngapi hao wasimamizi?" akauliza.

"Wako nje, wanavua viatu."

"Mungu wangu," akasema, akaanza kutafuta ndala kwa miguu.