Jezi ya Kipa Zedekiah

Ndinda, karani wa ghala la magodoro huko Industrial Area, Nairobi, hukusanya vitu ambavyo wenzake wangetupa jaani: tikiti, filimbi na viatu vya kandanda vya miaka ya sitini, ligi yetu ya soka ilipokuwa bado inatambaa. Nyumba yake ya mtaa wa Lucky Summer inanuka miguu ya wazee. Yeye husema hiyo ni historia.

Kitu alichokitamani kuliko vyote kilikuwa mtaani Majengo, mwilini mwa mzee Zedekiah Owuor, kipa wa zamani. Ilikuwa jezi ya kijani aliyovaa siku alipookoa penalti mbili kwenye fainali ya mwaka wa sitini na tano. Kwa miaka miwili Ndinda alimpelekea mkate na sukari. Mzee alikula, akanywa chai, akakataa kuvua.

"Nikifa njoo uchukue," alimwambia. "Kwa sasa nasikia baridi."

Juni mwaka jana akafa kweli. Ndinda alipanga foleni na waombolezaji, akachungulia jenezani, na hapo akamwona mzee amevalishwa ile jezi, imefuliwa kwa dawa ya kung'arisha nguo mpaka ikageuka rangi ya mtindi. Alipiga nduru iliyoshinda hata ya mjane. Wanawake wakaanza kunong'onezana. Mchungaji akapoteza ukurasa.

Mjane, Wakiuru, akamvuta kando. "Dada, niambie ukweli. Huyu mzee alikuwa nani wako?"

"Simlilii yeye, mama. Nalilia jezi."

Wakiuru alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Hiyo? Ya ukweli ililiwa na panya kabla hujaolewa! Nilimtafutia nyingine mitumbani Gikomba, nikailoweka kwenye chai ichakae, akavaa. Hakuwahi kujua, maskini."

Ndinda akakaa chini kama gunia, akiufikiria ule mkate wote. Wakiuru akamwonea huruma. Akaingia chumbani, akarudi na kikopo cha ugoro. Ndani mlikuwa na jino.

"Alipigwa teke la mdomo langoni, fainali hiyohiyo. Nilikuwa uwanjani, nikaliokota mwenyewe. Hili halikutoka Gikomba."

Siku hizi jino limelala juu ya pamba kwenye kabati la vioo la Ndinda, na karatasi yenye mwandiko safi wa kikarani: *Jino la kipa, la juu kushoto, 1965.* Mumewe, Kisilu, amegeuza kiti chake cha mezani kikalipa kabati mgongo, kikaangalia dirisha.