Chakula Chini ya Mikuyu: Nakhungu Alivyokataa Miti Ikatwe

Jua limeshawaka mlimani, lakini huku chini ya mikuyu bado ni gizagiza. Peris Nakhungu amezama matopeni hadi vifundoni, anang'oa nduma. Anakata kichwa pamoja na bua lake, anakirudisha shimoni na kukishindilia kwa kisigino.

"Hii nimerudisha itazaa tena," anasema.

Mama huyu wa watoto wanne, ambaye nyumbani huitwa Mama Nasambu, anaishi kaskazini mwa Bungoma, kwenye njia ya kupanda Kapsokwony. Mumewe alipofariki mwaka 1981, ukoo uligawa shamba. Yeye alipewa kipande cha mtoni, chepechepe, chenye miti mikubwa inayozuia jua.

Alipanda mahindi, yakatoka membamba na ya manjano. Maharagwe yakaoza. Ndipo shemeji yake, Mukhisa, alipokuja na msumeno.

"Mama Nasambu, hii miti tunakata tuchome makaa. Shamba lenyewe halina kitu."

"Shemeji, niachie mvua moja tu."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, huo msumeno nitashika upande mmoja, wewe mwingine."

Nakhungu aliacha jembe nyumbani, akaenda msituni kutazama kinachomea chenyewe penye kivuli na maji. Aliona nderema, mboga ya kutambaa, ikipanda miti, majani yake yamenona. Akachukua vipandikizi.

Sokoni Kitale alikutana na Jelimo, mwanamke wa Mlima Elgon aliyeuza mboga ya majani yanayowasha, ambayo kwao huitwa siwot.

"Yanawasha, lakini yakiona moto yananyamaza," Jelimo alimwambia. "Na yanapenda mahali kama kwako."

Si kila alichopanda kilikubali. Tangawizi aliyoipanda karibu na maji iliozea ardhini. Aliihamishia kwenye kijilima chenye majani yaliyooza, ikashika. Nduma ndiyo iliyofurahia matope. Alipunguza matawi ya chini ya mikuyu, mwanga kidogo ukapita, na majani ya nduma yakawa mapana kama ungo.

Kisha ukaja mwaka 1984, mvua ikakatika. Mahindi ya mlimani yalikauka yakiwa magotini. Kule mtoni udongo ulibaki na unyevu, na Nakhungu akaendelea kuchuma. Siku moja alimkuta Lenah, mke wa Mukhisa, amesimama kando ya shamba na kikapu kitupu.

"Alikuwa anaangalia tu nduma," Nakhungu anakumbuka. "Nikamwambia, dada, si uingie? Chimba. Watoto ni wetu."

Wiki hiyo hiyo Mukhisa alikuja kumchimbia mtaro wa kupunguza maji mvua itakaporudi. Hadi leo anaupalilia yeye. "Bana, ilibaki kidogo nikate chakula cha watoto wangu," anasema.

Sasa Nakhungu anafyeka ng'ambo ya kijito. Anataka kupanda iliki, ambayo hakuna jirani aliyewahi kuijaribu. Ameambiwa atangoja miaka mitatu kabla ya kuvuna.

"Ati nitachoka kungoja. Nitaenda wapi?" anauliza, akipangusa panga kwa majani. "Ikikubali, sawa. Ikikataa, nitatafuta ingine. Hapa lazima kuna kitu kinapenda."