Miaka Yangu Kushoto kwa Mchungaji

Kwa miaka kumi na mmoja nilisimama kushoto kwa mchungaji wetu kila Jumapili alasiri, yeye akihubiri kwa Kiswahili na mimi nikitafsiri kwa Kiswidi. Sikusomea ukalimani. Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Flemingsberg, kazi yangu ni kuogesha wagonjwa na kuwageuza kitandani. Ila watoto wetu waliozaliwa huku walijua Kiswahili cha jikoni tu, cha njoo ule na vaa soksi. Mchungaji alipoona wanasinzia, aliniita mbele siku moja bila kunitayarisha, akasema, "Mama, waambie hawa watoto ninachosema." Nikawaambia, na sikurudi tena kwenye kiti changu.

Kanisa lenyewe tuliazimwa na Waswidi wa Sundbyberg. Wao walimaliza ibada saa sita, sisi tukaingia saa nane, harufu ya kahawa yao ikiwa bado ukumbini. Wengi wetu tulitoka Uvira na Bukavu, wengine Burundi na Rwanda, na familia mbili za Wakenya. Mchungaji alikuwa mtu wa Uvira kama mimi. Kule alikuwa mwalimu, huku alisafisha ofisi za Kista kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mahubiri aliyaandika kwenye daftari ndani ya treni, akirudi nyumbani.

Ukisimama karibu na mtu miaka yote hiyo unamjua kwa namna ambayo hata mkewe pengine hamjui. Nilijua pumzi yake. Nilijua amepotea kwenye daftari pale alipoanza kugonga mimbari kwa pete. Alipowakemea vijana kwa ukali, mimi nililainisha maneno kidogo, na ibada ikiisha alikuwa akininong'oneza, "Leo umenipunguzia chumvi."

Majira ya baridi ya mwaka jana, tukipanga viti baada ya ibada, aliniambia, "Mwanangu, mwezi wa sita nastaafu."

"Kazi ya Kista?"

"Kista na hapa."

Nilidhani ni magoti, maana yalikuwa yakimsumbua. Akatikisa kichwa. "Jumapili iliyopita ulitafsiri sentensi ambayo sijaisema. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Alikuwa amenyamaza katikati ya jambo, pete ikigonga, nami nikajua anakoelekea, nikatangulia kulisema kwa Kiswidi ili watu wasigundue. Nilifikiri nimemsaidia.

"Sikukasirika," akasema. "Nilishukuru. Lakini nikienda hivyo, mwisho kanisa litakuwa linahubiriwa na wewe, na mimi nimesimama tu kama koti." Akaweka kiti juu ya kingine. "Na nikishaondoka, nimeondoka. Msinipigie simu kwa ubatizo wala kwa harusi. Anayekuja ni kijana. Mkiendelea kunishika mimi, yeye hatapata pa kusimama."

Nilisema ndiyo, baba. Ni rahisi kusema ndiyo ukiwa na viti mkononi.

Siku ya kumuaga, kina mama tulishona sare ya kitenge. Tulipika sombe ya majani ya muhogo na samaki tangu asubuhi, na kasisi wa Waswidi waliotuazima jengo alikuja na mkewe, wakakaa mbele. Mchungaji alihubiri kwa muda mfupi kuliko kawaida yake. Kisha akafunga daftari.

"Mlinipokea nikiwa sijui hata kununua tiketi ya treni," alisema. Nikatafsiri. "Mkaniita baba kabla sijajua kama nitafaa." Nikatafsiri. Halafu akanigeukia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mimbarini. "Na huyu mama hapa, kama watoto wenu waliwahi kunielewa, ni yeye waliyemwelewa."

Hiyo sikuitafsiri. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa Kiswidi, kwa sauti iliyosikika mpaka mbele, amesema nini?

Mchungaji aliniwekea mkono begani, akaanza kusema kwa Kiswidi mwenyewe. Miaka yote alikuwa amekataa. Alikuwa akisema Kiswidi chake ni cha ndoo na dekio, hakifai kumsemea Mungu. Sasa aliwaeleza watoto alichokisema juu yangu, kisha akawaambia kwamba aliogopa lugha yao kwa muda mrefu mno, na anawaomba radhi. Vitenzi vilikaa mahali pasipo pake. Binti mmoja wa mstari wa pili alimsahihisha neno moja, kwa upole. Akalirudia vizuri, akamshukuru, akaendelea. Sijawahi kuwaona watoto wale wametulia namna ile.

Mchungaji mpya alianza baada ya likizo ya kiangazi. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania akakulia huku, na anahubiri kwa lugha zote mbili, anaruka kutoka hii kwenda ile bila kupumzika. Hahitaji mkalimani. Nilirudi kukaa na mume wangu, mstari wa tatu. Wiki za kwanza midomo yangu iliendelea kutafsiri chini chini hadi mume wangu aliponigusa kiwiko.

Mwezi wa kumi na moja mama yangu alifariki Uvira, wakamzika kesho yake. Sikuwahi mazishi. Mchungaji mpya alifika nyumbani kwangu kabla ya mtu yeyote, akakaa nami, akasoma Biblia vizuri. Jioni mzee wetu, mchungaji wa zamani, akaja na mkewe kwa treni. Alikaa karibu na mlango, penye viatu. Watu walipomsihi aombe, alisema tu, "Mchungaji yupo," akamwonyesha yule kijana kwa mkono. Nilimkasirikia. Mama yangu alikuwa amekufa, na mtu huyu alikuwa akishika utaratibu.

Watu walipopungua nilimkuta jikoni, amekunja mikono ya shati, anaosha vikombe.

"Baba, nilitaka sauti yako leo."

"Najua." Hakugeuka. "Nimeomba pale nilipokaa, kimya kimya. Na unajua, kila nikimaliza sentensi nilikuwa nasimama kidogo, nakungoja utafsiri."

Nilichukua taulo nikaanza kukausha vikombe. Mkewe alipokuja kumkumbusha treni, niliwasindikiza hadi kituoni. Barafu ilikuwa imeshika njiani, akakubali kunishika mkono.

Siku hizi huwa nawatembelea mara moja kwa mwezi. Tunaongea juu ya magoti yake, juu ya bei ya ndizi za kupika, juu ya watoto wangu ambao sasa wananijibu kwa Kiswidi tu. Ananiuliza habari za wagonjwa wa kanisani mmoja mmoja, ila haulizi kamwe kijana anahubiri vipi. Mwezi uliopita mkewe alikuwa sokoni, mimi na yeye tukabaki peke yetu mezani. Alisema sala fupi ya chakula, kisha, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akauliza kama napenda pilipili. Nilisema naipenda. Akanisogezea.